Goti la Rangi ya Maruni

Kama uliwahi kunywa chai nyumbani kwangu Kitale wakati Madam alikuwa jirani yangu, huenda kijiko chako kilikwaruzwa. Hakuomba ruhusa. Alikuwa akikitoa kikombeni, anakifuta kwa upindo wa leso, anachomoa msumari kwenye mfuko wa koti, anavuta mstari mfupi mgongoni mwa kijiko, halafu anauangalia kwa jicho moja. "Laini," anasema, anakurudishia, na kuendelea na chai yake.

Vijiko vyangu vyote vina alama hizo mpaka leo. Mwanzoni nilikasirika. Mimi ni fundi wa nguo, na ukija kwangu sikati shati lako ili nijue kitambaa chake kina nguvu kiasi gani. Nilimwambia hivyo hivyo, usoni. Akanitazama, akafikiri, akasema, "Ungekata, ungejua." Nikaona huyu si mtu wa kugombana naye, nikamwongezea chai.

Tulimwita Madam kwa sababu alifundisha chuo cha ufundi, na pale kwetu mwalimu wa kike ni Madam hata akiwa sokoni ananunua vitunguu. Mwenye ploti tuliyopanga, mzee wa kumzaa, alimwita Madam. Wanafunzi wake walimwita Madam wakiwa mbele yake, na wakiwa nyuma yake walimwita jina jingine ambalo sitaliandika. Jina lake la kuzaliwa nililisikia mara moja tu, kanisani, na nikageuka kuangalia ni nani huyo anayeitwa.

Kazi yake ilikuwa ngozi ya alumini. Hivyo ndivyo alivyoiita, na alinieleza mara nyingi mpaka nikaweza kuwaeleza wateja wangu wanapongoja nguo zao. Alumini ni nyepesi na haili kutu kama chuma, ndiyo maana tunaipenda, lakini ni laini. Ikisuguana na kitu kigumu inalika kidogo kidogo mpaka inaisha. Yeye alikuwa akichukua kipande cha alumini, anakitumbukiza kwenye beseni la asidi ya betri iliyopozwa kwa barafu, anakifunga waya na kupitisha stima, yaani umeme. Akikitoa, kipande kimeota ngozi ngumu ya kijivu ambayo msumari hauwezi kuikwaruza. Nilimuuliza kwani si rangi tu. Akaudhika kweli.

"Rangi inatoka nje, Fundi. Hii imetoka kwenye alumini yenyewe." Akaangaza macho jikoni kwangu, akanyoosha kidole kwenye sufuria niliyokuwa nimeloweka. "Ule ukoko wa ugali, kuna mtu aliupaka?"

"Hakuna. Ni ugali ulioshikwa na moto."

"Basi na hii ni alumini iliyoshikwa na stima."

Shida yake kubwa ilikuwa barafu. Asidi ikipata joto ngozi inakuwa hafifu, na friji ya chuo ilikuwa imekufa kabla hata hajaajiriwa. Kwa hiyo alikuwa akienda kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vyuma pale mjini, aliyekuwa na friji ya kuuza soda. Mimi nilimsindikiza siku moja. Mzee alipomwona tu mlangoni alishika kichwa.

"Madam, leo tena? Hii barafu ya soda, bana. Si ya mabati."

"Sitaichukua yote."

"Juzi pia ulisema si yote. Wateja wakakunywa soda moto."

Alilalamika huku anamjazia ndoo. Wakati tunaondoka akamwita arudi, akamwongezea vipande viwili vikubwa juu, akasema hataki kumwona tena mpaka mwezi ujao. Wiki iliyofuata alikuwa pale.

Shida ya pili ilikuwa stima yenyewe. Ikipotea katikati ya kazi, kipande chote kinaharibika. Madam alikuwa mama wa kanisa, mwenye kukusanya sadaka kwa uso wa upole, lakini siku stima ilipopotea na kipande kikiwa ndani ya beseni alisema maneno ambayo yalifanya mwenye ploti afunge dirisha lake.

Sasa ungedhani mtu anayetafuta ngozi isiyokwaruzika angetunza vitu vyake. Wapi! Gari lake lilikuwa na mikwaruzo pande zote nne, maana alirudi nyuma kama anayekimbia deni. Sufuria zake zilikuwa nyeusi ndani na nje, zimebonyea. Alipika vibaya, tena kwa haraka, na kukuangalia ukila kana kwamba amekufanyia hisani. Nilimwambia siku moja kwamba kwetu Bungoma mwanamke mwenye sufuria kama hizo angerudishwa kwao. Akasema, "Ndiyo maana niko kwangu."

Na vitu ving'aavyo hakuvipenda kabisa. Mwanafunzi akimletea kipande alichokisugua mpaka kikawa kioo, akitarajia kusifiwa, alikuwa akikigeuza mara moja na kumrudishia. "Nionyeshe kikiwa kimetumika," alikuwa akisema. Neno hilo nililisikia mpaka nikawa nalisema mwenyewe kwa watu wanaokuja kuniuzia vitambaa.

Yeye vitu vyake alivitumia kweli. Bawaba za mlango wa choo cha ploti alizing'oa na kuweka zake za alumini, moja ina ngozi na nyingine haina, ili aone ipi italika kwanza. Kila aliyeenda chooni akawa anafanya utafiti bila kujua. Mwenye ploti alipogundua alilalamika kwamba mlango umelala upande mmoja. Madam alifurahi sana kusikia hivyo, akaenda mbio na msumari wake.

Jambo moja lililonisumbua kwake ni kwamba hakujua kusema pole. Sijui kama lilimkwama kooni au hakufundishwa. Mashine yangu ya kushonea iliungua motori, kila mtu akaja kuniambia pole, yeye akaja akaifungua na kuniuliza nilikuwa nimeitia mafuta lini. Nilipofiwa na mama mkwe watu walilia nami na kunishika mikono. Madam alipita katikati yao bila salamu, akaenda nyuma ya nyumba, akakunja mikono ya koti, akaosha sufuria za matanga kuanzia adhuhuri mpaka jua likazama. Zilibaki na masizi, lakini aliziosha. Wakati huo sikuelewa, nikamsengenya.

Nimesema haya yote ili mjue ni mtu wa namna gani niliyempelekea shida ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa ni Mama Nekesa. Ana shamba la mahindi Tongaren, aliloachiwa na mumewe, na analilima mwenyewe. Trela ya mahindi ilimwangukia mguu ukakatwa juu ya goti. Kule Bungoma kuna karakana ya miguu ya bandia, wakamtengenezea mguu wenye goti la chuma. Lilikuwa zito ajabu. Aliuvaa kwenda kanisani, akirudi anauvua na kuusukuma chini ya kitanda, shambani anaenda na magongo. Baadaye wakampa goti la alumini, jepesi, na siku hiyo alinipigia simu akicheka. Alisema amepanda mahindi mpaka mpakani mwa shamba na kurudi.

Lakini udongo wa Tongaren huingia kila mahali. Uliingia kwenye goti, ukasaga alumini pale panapozunguka kipini cha chuma, tundu likapanuka. Msimu mmoja tu wa kupalilia, na goti likaanza kucheza. Likawa linajikunja lenyewe. Alianguka katikati ya mahindi, na mahindi yakiwa marefu hakuna anayekuona. Alilala pale mpaka jirani alipomsikia. Karakana wakambadilishia goti, nalo likalika vile vile, akaanguka tena, safari hii akavunjika kifundo cha mkono.

Akanipigia simu. Hakuwa anacheka.

"Dada, mimi nimechoka. Hii mguu imenishinda. Nikianguka tena, shamba nakodisha, nakuja kukaa na wewe huko Kitale."

Nikamwambia karibu sana, nyumba ni yake. Nilipokata simu nililia. Ningependa awe karibu, sikatai. Lakini namjua dada yangu. Kumweka kwenye kiti katika chumba changu cha kushonea, aangalie barabara kutwa, huku mtu mwingine analima shamba lake, huko kungekuwa kumzika anapumua. Hiyo ndiyo hofu niliyoishi nayo.

Nilimwambia Madam yote, jioni, nikiwa namshonea vifungo. Nikangoja pole. Hakusema. Alisema, "Nileteeni hilo goti lililolika."

Tulienda naye Bungoma. Fundi wa karakana ile ni mtu mpole lakini aliwahi kuletewa maajabu mengi na watu wenye digrii, na alimsikiliza Madam mikono ikiwa imekunjwa kifuani.

"Sawa, chukua goti moja. Lakini Madam, tukijaribu hii na ikatae, usirudi tena hapa na beseni yako. Mimi nina watu wanangoja miguu."

Ndipo barafu ikatafutwa kwa mzee Mhindi, na stima, kwa neema, haikupotea. Goti likatoka na ngozi ya kijivu iliyofifia, kama maji ya kuoshea mchele. Dada yangu akalivaa, akarudi Tongaren.

Kabla hata kupalilia hakujaisha, goti lilianza kucheza.

Alikuja nalo Kitale mwenyewe, polepole, akishikilia kuta. Madam alilifungua juu ya meza yangu ya kukatia. Aliliangalia kwa miwani yake ya kukuzia kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumwona amelegea mabega namna ile. Halafu akainua kichwa.

"Hii ngozi haikulika. Imeondoka. Hata huku nje, mahali hakuna kinachogusa, imeondoka. Mama Nekesa, umekuwa ukiosha goti kwa nini?"

Dada yangu alijinyoosha. Hilo ni swali ambalo mwanamke wa kwetu analijibu kwa fahari.

"Si majivu! Kwani ningeenda kanisa na goti chafu kama sufulia ya murevi? Kila Jumamosi nilipaka majivu ya maji, nikaacha irare hivyo. Asubuhi nasugua na gunzi. Iring'aa, Madam! Mpaka mke wa mchungaji aliniuliza kama nimepewa mpya."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kusema kweli ningefanya vile vile. Sisi tumelelewa hivyo, alumini ya kijivu ni alumini iliyomshinda mwenyewe kuosha. Tulipigwa tukiwa wadogo kwa sababu ya sufuria za rangi ile. Madam hakucheka. Alitueleza kwamba maji ya majivu ndiyo adui mkubwa wa ngozi hiyo, kuliko udongo, kuliko jembe. Yakilala juu yake usiku kucha yanaila yote, na gunzi la asubuhi linafuta tu kilichobaki.

Nikangoja amgombeze. Dada pia alingoja, kichwa chini, maana alikuwa ameanza kuelewa alichofanya, na kwamba fundi wa Bungoma alishasema Madam asirudi.

"Kosa ni langu," Madam akasema. "Nimekupa kitu kinachoonekana kichafu."

Akanigeukia. "Fundi, una rangi ya nguo?"

Ninayo kila wakati, ya kufufua sweta za shule zilizopauka. Nilidhani anataka kupaka blauzi yake, na kwa kweli ilihitaji. Nikamuuliza anataka rangi gani.

"Muulize mwenye goti."

Dada alifikiri kwa makini kuliko nilivyomwona akifikiria kitu chochote. "Maruni," akasema mwishowe. "Kama sweta yangu ya kanisani."

Nilikuwepo siku hiyo ya maruni, ndiyo maana naweza kusimulia. Ngozi ile ikiwa mpya ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na inakunywa rangi kama pamba. Ikishakunywa, unaichemsha kwenye maji matupu, vitundu vinajifunga na rangi imebaki ndani. Aliichemsha kwenye sufuria yangu ya ugali. Alinikataza kuipikia tena, akaninunulia nyingine, na kabla hajanikabidhi aliikwaruza kwa msumari.

Goti lilitoka la maruni iliyokolea, zuri kabisa. Halikuwa na kitu cha kusuguliwa. Kabla ya hapo Madam alikuwa ameenda peke yake kumwomba fundi wa karakana goti jingine na nafasi moja zaidi. Sijui walisemezana nini. Alirudi na goti na ruhusa, na gari lake lilikuwa na mkwaruzo mpya.

Masharti kwa dada yangu yalikuwa mawili. Asiliguse kwa majivu, likichafuka alifute kwa maji na kitambaa. Na siku atakapokuja kupimwa baada ya mavuno, asilisafishe kabisa. "Uje nalo kama lilivyo," Madam alimwambia. "Nionyeshe likiwa limetumika."

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Madam alistaafu chuo, akahama Kitale, akaenda kukaa Bungoma karibu na karakana ile, na ploti ikawa kimya. Bawaba zake zilibaki chooni. Mimi niliogopa kila simu iliyoingia kutoka Tongaren. Nilikuwa napokea nikiwa nimeshika meza. Na kila mara ilikuwa ng'ombe, au mbolea imechelewa, au kwaya wanataka sare na nipunguze bei. Kuhusu goti hakusema neno, nami sikuuliza. Nadhani sote wawili tuliogopa kwamba tukilitaja litasikia.

Mahindi yakavunwa. Tukakutana mlangoni pa karakana, Bungoma. Dada alikuwa amevaa nguo zake nzuri na ile sweta, lakini goti alikuwa amelizungushia leso na kulifunga mafundo. Nikashtuka, nikamuuliza limevunjika au vipi.

"Halijavunjika," akaninong'oneza. "Liko na matope, dada. Alisema nisioshe. Nimepitia barabara yote hiyo na matope kwa mguu, watu wanaangaria. Hebu tuingie haraka."

Madam alikuwa ndani, amevaa koti lile lile. Alionekana amezeeka kwa mwaka huo mmoja, nywele zote nyeupe. Hakutuamkia. Alimkalisha dada kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, akafungua yale mafundo ya leso. Udongo mwekundu wa Tongaren ulikuwa umekaukia kila upande. Fundi wa karakana alikuja akasimama nyuma yetu, mikono kifuani.

Madam alishika goti kwa mikono miwili, akalitikisa. Halikucheza. Akalitikisa tena kwa nguvu mpaka dada akashika benchi. Halikucheza. Akauvua mguu, akachomoa kipini, akaomba maji na kitambaa. Akaosha yeye mwenyewe, taratibu, kila kona, na matope yakatiririka sakafuni na ile maruni ikaanza kuonekana. Palikuwa na mikwaruzo pale jembe lilipogonga. Lakini tundu lilikuwa la mviringo kamili, na kingo zake nzima. Akatoa msumari. Dada akafunga macho. Msumari uliteleza tu, mara ya kwanza na ya pili, haukuacha kitu.

"Uliniambia una watu wanangoja," Madam akamwambia fundi bila kugeuka.

"Wako." Fundi alikuwa ameishusha mikono yake. "Hiyo beseni yako iko wapi?"

Nami ndipo nilipopumua. Sijui nilikuwa nimebana pumzi tangu lini, labda tangu simu ile aliyosema amechoka. Machozi yalinitoka mbele ya wanaume wa karakana na sikuona haya.

Madam alibaki amepiga magoti, ameshika goti mikononi. Alimtazama dada yangu. Kisha alisema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema, si kwa mashine yangu iliyoungua, si kwenye matanga, si kwa mtu yeyote.

"Pole, Mama Nekesa. Pole kwa kule kote ulikoanguka."

Dada yangu alifungua macho, akamwangalia yule mwanamke aliyepiga magoti ndani ya matope ya shamba lake, akamwekea mkono begani.

"Asante, Madam. Sasa nirudishie mguu. Nimeanika mahindi nje, na hiyo wingu mimi siipendi."